Uzi: Mombasa hatuna volkano, lakini maji ya mitungi yenu yametoka kwenye volkano

MkaaBarazani

Hamjambo ndugu zangu. Uzi huu umezaliwa barazani, Kibokoni, jana baada ya sala ya magharibi. Kahawa chungu, kashata, na joto la kaskazi ambalo mwalijua wenyewe: mtu atoka kuoga, taulo lafuta maji mara moja na jasho mara tatu.

Mzee wetu mmoja, namheshimu na sitamtaja, akakata hukumu. Hili joto, asema, ni la volkano. Ule mlima wa Uhabeshi ulilipuka Novemba, moshi umetufunika kama mfuniko wa sufuria, ndiyo maana hatupumui. Kijana mmoja akathubutu kusema kwamba volkano kubwa huipoza dunia. Alichekwa! "Moto upoze? Basi kesho lete jiko la makaa tugandishe barafu." Kijana akanyanyuka akaenda zake.

Mimi nilifundisha jografia miaka mingi kabla ya kustaafu, nami nilinyamaza. Adabu ya baraza, au woga, chagueni. Usiku nikaona haya, basi naandika hapa.

Mlima wenyewe waitwa Hayli Gubbi, uko Afar, kaskazini-mashariki mwa Ethiopia. Ulilipuka tarehe 23 Novemba 2025 baada ya kulala maelfu ya miaka. Majivu yake yalivuka Bahari ya Shamu, yakapita Yemen na Oman, yakafika India na kuvuruga safari za ndege. Tazameni ramani: yalikwenda mashariki. Kwetu hayakuja. Joto letu ni kaskazi, na dunia inayozidi kupata moto, na mji wa saruji na lami tuliokatia miti yake wenyewe.

Sasa hili la moto kupoza. Watu wakiona volkano huona majivu. Majivu ni kishindo tu. Ni vumbi la mawe, na vumbi zito huanguka: mengine saa hiyohiyo, mengine baada ya siku au majuma. Kinachogeuza hali ya hewa ya dunia nzima ni gesi ya salfa, ile harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Mlipuko ukiwa na nguvu ya kutosha, gesi hiyo hurushwa juu kuliko mawingu, kilomita zaidi ya 16 au 17 kwetu sisi tulio karibu na ikweta. Huko juu ni stratosfia. Hakuna mvua ya kuiosha. Inachanganyika na unyevu inakuwa matone madogo mno ya tindikali, tindikali ileile ya betri ya gari, na matone hayo hurudisha sehemu ya mwanga wa jua kabla haujatufikia. Ni kama pazia la shashi dirishani: mwanga waingia, ukali wabaki nje. Pazia hilo hukaa mwaka, miwili, pengine mitatu, kisha hushuka polepole likaisha.

Pinatubo, Ufilipino, tarehe 15 Juni 1991. Ulirusha tani kati ya milioni 15 na 20 za gesi ya salfa, na mwaka uliofuata wastani wa joto la dunia ukashuka kama nusu digrii. Nusu digrii barazani haisikiki. Lakini huo ni wastani wa dunia yote, bahari na bara. Tambora, Indonesia, Aprili 1815, ulikuwa mkubwa zaidi ya huo mara nyingi. Mwaka 1816 Ulaya na kaskazini-mashariki mwa Marekani hawakuona kiangazi. Theluji ilianguka Juni, mazao yakaoza shambani, watu wakafa njaa katika nchi ambazo hata jina la Tambora hazijawahi kulisikia.

Lakini mfano unaotugusa sisi watu wa pwani ni wa Laki, Iceland. Kuanzia Juni 1783 ardhi ilipasuka ikatoa lava na gesi kwa miezi minane, salfa tani milioni 120 hivi. Iceland ilipoteza watu kama mmoja katika kila watano. Sasa angalieni njia yake ya kutufikia huku. Kusi ni nini? Wakati wa kiangazi cha kaskazini, nchi kavu ya Asia na Afrika upande ule hupata moto kuliko bahari, na moto huo ndio unaovuta upepo kutoka baharini. Nahodha wa jahazi alijua hilo kwa ngozi yake. Pazia la Laki lilitanda kaskazini, nchi kavu ikapoa, mvutano ukalegea, na mvua zikawa chache Uhabeshi. Uhabeshi ndiko Nile inakojazwa. Mafuriko ya Nile yakawa haba, Misri ikaingia njaa. Msafiri mmoja Mfaransa, Volney, alikuwa Misri miaka hiyo na njaa hiyo ameiandika.

Moto wa Iceland, kiu ya Misri. Nani mwingine anataka kucheka?

KijanaWaTudor

Maalim, shikamoo. Mimi ndiye niliyechekwa. Nimesoma uzi huu mara mbili na nimewatumia wale wote walionicheka.

Ila niongeze kitu, wasije wakasema twaona upande mmoja. Si kila mlipuko mkubwa unapoza kama Pinatubo. Ule wa chini ya bahari kule Tonga, Hunga Tonga, ulipolipuka tarehe 15 Januari 2022 ulipanda kilomita kama 57 juu, na salfa yake ilikuwa kidogo. Kilichopanda kwa wingi ni mvuke wa maji, karibu tani milioni 150. Na mvuke hushika joto. Kwa hiyo cha kuuliza si ukubwa wa mlipuko peke yake. Uliza umerusha nini, na umefika wapi.

MkaaBarazani

Marahaba mwanangu. Umesema vizuri kuliko mwalimu wako.

ShangaziWaLikoni

Mwayasema mambo ya Iceland na mimi niko kwenye foleni ya feri jua utosini. Haya nijibuni: Nyiragongo ya Kongo ililipuka 2021, watu wa Goma wakakimbia usiku na magodoro kichwani. Ni karibu nasi kuliko hizo zenu zote. Mbona hatukupoa?

MkaaBarazani

Shangazi, swali lako lina uzito. Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021 haikurusha juu, ilimwaga. Lava yake ni nyepesi mno, hutiririka kama uji usiokolea, ikateremka mbavuni mwa mlima hadi ukingoni mwa Goma. Gesi ikabaki chini kwenye mawingu, mvua ikaiosha, ikaanguka kama maji makali yanayounguza majani ya mihogo na maharagwe ya watu. Msiba mkubwa kwa jirani, kwa hewa ya dunia hakuna kitu. Ni tofauti ya mtu anayemwaga maji mlangoni na anayeyarusha mpaka kwenye paa la jirani.

FundiMfereji_Kisauni

Maalim umeandika kichwa kizuri halafu ukasahau maji. Basi niyaandike mimi, maana mabomba ndiyo kazi yangu.

Ukipanda gari la Nairobi, karibu na Mtito Andei tazama upande wa kushoto. Vile vilima vya kijani vilivyopangana kama maandazi kwenye sinia ndiyo Chyulu. Kila kilima ni tundu la volkano. Ni changa sana kwa hesabu za wanajiolojia, na ule mto wa mawe meusi ulio upande wa Tsavo Magharibi, unaoitwa Shetani, haujapita karne mbili hivi. Wazee wa pale walipouona ukitoka ardhini unawaka ndipo wakaupa jina hilo.

Sasa mvua inanyesha Chyulu, na juu hakuna mto hata mmoja. Hakuna! Mawe ni ya vitundu na majivu, maji yote yanazama palepale yaliponyesha. Yanapita chini kwa chini miaka mingi, yakichujwa na lava, mpaka yanatokea kwenye chemchemi za Mzima kilomita kadhaa kusini. Mzima hutoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, safi mpaka unamwona kiboko akitembea chini. Sehemu ya maji hayo ikawekewa bomba miaka ya 1950, kilomita zaidi ya 200 kuja Mombasa.

Si kila mfereji, nakubali. Mwingine wenu anakunywa ya Baricho, mwingine ya Marere au Tiwi. Lakini mkiona mtungi wa lita 20 juu ya mkokoteni, huenda mvua yake ilinyesha kabla msukuma mkokoteni hajazaliwa.

Kwa nini mfereji wako hautoi ni habari nyingine na siandiki hapa, nataka kuendelea na kazi.

ShangaziWaLikoni

Miaka mingi chini ya ardhi, halafu yakifika Likoni yanakatika siku tano. Volkano haina lawama.

MjukuuWaNgazidja

Fundi, umenikumbusha bibi yangu. Sisi kwetu asili ni kisiwa cha Ngazidja, Komoro, nasi tuko Mombasa tangu babu. Mlima wetu ni Karthala, mita 2,361, na uko hai. Kisiwa kizima ni kama Chyulu yako: mvua tele na hakuna mto wa kudumu, jiwe lote lanywa. Tofauti ni kwamba huko chini maji hukutana na bahari, hakuna Mzima. Kwa hiyo watu hukinga mvua ya paa kwenye mabirika.

Novemba 2005 Karthala ilitoa majivu usiku. Kwa takwimu za dunia haikuwa chochote, hakuna mtu Ulaya aliyeona baridi. Lakini majivu yaliingia kwenye mabirika, na maelfu kwa maelfu ya watu wakaamka hawana maji ya kunywa. Mamangu mdogo alipiga simu hapa Mombasa. Sote tulitaraji atalia moto. Yeye alilia birika.

Na kuna jambo la kisiwa jirani cha Maore (Mayotte) ambalo wengi hapa hawakulisikia. Mei 2018 kisiwa kilianza kutetemeka, siku baada ya siku, watu wakalala nje. Hakuna aliyejua sababu. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ikakuta kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa mlima mpya kabisa sakafuni mwa bahari, urefu wake mita 820, mahali ambapo zamani palikuwa tambarare. Wameuita Fani Maoré. Kisiwa chenyewe kilisogea mashariki na kuzama kwa sentimita kadhaa, maana chumba cha chini chenye magma, yale mawe yaliyoyeyuka, kilikuwa kinamwaga mzigo wake. Tarehe 11 Novemba 2018 dunia ilivuma kama ngoma dakika 20 hivi, mitambo ya matetemeko ikasikia kuanzia hapa Kenya mpaka ng'ambo ya Pasifiki, na hakuna mtu hata mmoja aliyehisi kitu miguuni.

Mlima unazaliwa baharini kwetu, nasi tumo kwenye feri tukinung'unika.

DerevaWaMasafa

Mimi si msomi. Ila nina swali la Suswa, kule Bonde la Ufa. 2018 barabara ya Mai Mahiu ilipasuka, nilikuwa njiani na mzigo, nikalala garini. Mtandaoni wakasema Afrika inagawanyika, upande wa pwani utakwenda zake na Mombasa itakuwa kisiwa.

KijanaWaTudor

Dereva, Mombasa ni kisiwa tayari. Uliza daraja la Makupa.

MkaaBarazani

Hahaha. Lakini tumjibu kwa heshima.

Dereva, yaliyosemwa yalichanganya mambo mawili. Kugawanyika ni kweli: bamba la ardhi la upande wetu linajitenga na bamba la magharibi kwa milimita chache kwa mwaka. Ukucha wako unakua haraka kuliko hivyo. Volkano zote za Bonde la Ufa, Longonot, Menengai, na Suswa yenyewe, ni dalili za huko kuvutika. Ufa ulioukuta wewe, wanajiolojia wengi waliueleza kwa njia nyepesi zaidi: lile bonde limejazwa majivu ya volkano ya zamani, majivu hayana mshiko, mvua ya Machi ile ilikuwa kali, maji yakayala kwa chini mpaka juu pakaanguka. Kwa hiyo volkano ilihusika, lakini kwa vumbi ililoliacha zamani.

Ukitaka kupasuka kwa kweli nenda Afar, Septemba 2005. Magma ilijipenyeza chini ya ardhi ikafungua ufa wa kilomita 60, mahali pengine upana mita 8, kwa majuma machache tu. Milimita za karne nyingi zililipwa kwa mkupuo mmoja. Ardhi hulipa madeni hivyo.

Na wewe dereva kuna jambo unalijua bila kujua kuwa unalijua. Ukifika Tsavo, ule ukingo mrefu ulionyooka kama ukuta kaskazini mwa barabara, ng'ambo ya mto, ni nini?

DerevaWaMasafa

Yatta.

MkaaBarazani

Yatta. Hiyo ni lava. Zamani, zaidi ya miaka milioni 10, ilitoka nyanda za juu ikatiririka ndani ya bonde kilomita kama 300, miongoni mwa mikondo mirefu ya lava duniani. Ikaganda. Kisha mvua na mito ikala ardhi laini ya pande zote mbili, lava ikakataa kuliwa. Sasa bonde ndilo limekuwa mlima, na kilichokuwa kilima kimekwenda baharini. Hata mto Athi, ambao mbele waitwa Galana na Sabaki, unafuata mguu wake kwa muda mrefu, na Baricho tunakochota ni Sabaki hiyohiyo. Fundi, ongeza hiyo kwenye hesabu yako ya mitungi.

DerevaWaMasafa

Miaka 14 napita pale nikidhani ni ukuta wa kawaida. Kesho nikipita nitaupigia honi.

Mbishi_Bamburi

Mwanipotezea muda. Ukweli ni huu: volkano zatoa kaboni kuliko magari yote, na wazungu watuambia tuache makaa. Tabianchi hubadilika yenyewe.

KijanaWaTudor

Hapana, ndugu. Hesabu zipo. Kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi kwa mwaka mmoja kunatoa zaidi ya tani bilioni 35 za kaboni dioksidi. Volkano zote, za nchi kavu na za baharini, hazifiki hata 1 kwa 100 ya hizo. Na kama volkano ndizo zingekuwa zinapasha dunia, baada ya Pinatubo tungeona joto linapanda. Lilishuka, kisha pazia lilipoisha likaendelea kupanda kama kawaida.

MkaaBarazani

Mpeni Mbishi haki yake kidogo, maana kwenye miaka milioni ana hoja. Miaka milioni 252 iliyopita huko Siberia lava ilimwagika kwa muda mrefu mno, ikachoma na makaa ya mawe yaliyokuwa chini yake, kaboni ikajaa hewani, bahari ikapata joto na kukosa pumzi. Aina nyingi kabisa za viumbe wa baharini zilitoweka, kiasi cha tisa katika kila kumi. Kwa hiyo ndiyo, volkano yaweza kuipasha dunia. Ila inahitaji maelfu na maelfu ya miaka, na inamwaga eneo la ukubwa wa nchi kadhaa. Sisi tunafanya kwa mirija ya magari na viwanda, na kwa kasi.

Halafu, Mbishi, jiwe la volkano hurudisha deni pia. Mvua huchukua kaboni hewani, inakuwa kali kidogo, inaiyeyusha lava polepole, na mito hupeleka kile kilichoyeyuka baharini. Huko kome na matumbawe huijenga kuwa nyumba zao. Yale mawe ya matumbawe ya Fort Jesus unayoegemea kupiga picha ni kaboni iliyowahi kuwa hewani, na huko nyuma kabisa ilitoka tumboni mwa mlima fulani. Kazi hiyo haina kishindo, hakuna anayeipiga picha, na ndiyo iliyoifanya dunia ikalike. Mimi ukiniuliza volkano ni nini, nitakuonyesha Mzima na Yatta kabla sijakuonyesha moto.

Mbishi_Bamburi

Nimesikia. Sijakubali, lakini nimesikia.

MtuWaKwale

Naona watu wa kisiwani mwasema Mombasa haina volkano na mwanisahau. Hapa kusini, kabla ya Lunga Lunga, kuna kilima cha Jombo, na kando yake Mrima. Hiyo ni mizizi ya volkano ya zama za dinosaria. Mlima wenyewe umeliwa ukaisha, kilichobaki ni lile bomba la chini lililoganda. Jiwe la Mrima ni la jamii moja na lava ya Ol Doinyo Lengai kule Tanzania, ile ya ajabu inayotoka nyeusi, baridi kuliko lava zote, kisha hugeuka nyeupe ikinyeshewa. Ndiyo maana Mrima kuna niobi na madini yale adimu ambayo wageni hawaishi kuja kuyapima. Na ni kaya, msitu wetu mtakatifu. Wazee wetu waliulinda msitu ule kabla mtu yeyote hajaja na mashine ya kupimia.

Kwa hiyo kichwa cha uzi kina kosa. Mwalimu arekebishe.

MkaaBarazani

Nimepokea, na nimekubali kosa. Kichwa nakiacha ili watu waone nilivyosahihishwa.

ShangaziWaLikoni

Mimi nina moja tu kisha nilale. Lile jiwe jepesi la kusugulia visigino, la asili si lile la kiwandani, laelea majini. Ni la volkano au wauzaji wa Marikiti walinidanganya?

MkaaBarazani

Hawakukudanganya. Ni povu la lava lililoganda na gesi ndani. Krakatoa ilipolipuka, Agosti 1883, mlio wake ulisikika kisiwa cha Rodrigues, kilomita 4,800 ng'ambo ya bahari yetu hiihii, na mawe kama hayo yalielea mpaka mengine yakafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Walioyaokota hawakujua yametoka kwenye mlima uliokwisha kutoweka.

Shangazi, umenipa wazo.

MkaaBarazani

Narudi na habari. Leo nilikwenda barazani na jiwe la mke wangu mfukoni. Mzee alikuwepo, nikamwomba muuza kahawa ile ndoo ya kuoshea vikombe, nikalitia. Likaelea. Baraza likanyamaza.

Mzee akalitoa, akaligeuza, akachungulia vile vitundu. "Hili latoka volkano?" Nikamwambia ndiyo. Akafikiri sana. "Basi mwaona wenyewe. Mlima umetobokatoboka hivi, joto lisitoke lipite wapi?"

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika, na aliyecheka zaidi ni KijanaWaTudor, ambaye alikuwa amerudi kukaa palepale alipoondoka. Muuza kahawa yeye hakucheka. Ametaka shilingi 50 za kubadilisha maji ya ndoo.